Kabla ya studio, tafuta majina: albamu ya nyimbo za Lubumbashi

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka Katuba, hapa Lubumbashi: "Yaya, niko na nyimbo 30 za Lubum mu telefone, nataka zitoke albamu moja. Nianzie studio gani?"

Mdogo wangu, studio ndiyo ya mwisho. Nunua daftari kubwa, chora safu saba: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, wapiga vyombo, mahali, mwaka, na mwenye masta (rekodi yenyewe ya kwanza), yaani aliyelipa gharama za kurekodi. Kila wimbo mstari wake. Utaona nafasi tupu nyingi, na kuzijaza ndiyo kazi yenyewe. Muziki wa Katanga umesambaa mbali huku waliopiga wakibaki bila jina, na inauma kuona mtoto wa hapa hapa akiurudia mwendo huo kwa haraka ya kutoa albamu.

Amua kwanza "wimbo wa Lubumbashi" ni upi: unaoutaja mji, uliorekodiwa mjini, au wa watu wanaokaa mjini? Ukichanganya bila kusema, utabishana na kila mtu. Chukua "Masanga" ya mpiga gita Mwenda Jean Bosco. Mwenyewe alizaliwa Bunkeya, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kwa kipimo cha mahali pa kurekodi, wimbo huo hauhesabiki. Mimi naona kipimo cha watu ndicho chenye haki zaidi, maana wanamuziki wa ukanda wa shaba walifuata kazi na reli. Ila chochote utakachochagua, kiandike kwenye jalada.

Mwaka ukikosekana, sikiliza maneno. Jina jipya linakupa mwaka wa chini kabisa: anayeimba "Lubumbashi" akimaanisha mji hakuimba kabla ya 1966, wakati Élisabethville ilipobadilishwa jina, na mkoa wa Katanga haukuitwa Shaba kabla ya 1971. Jina la kale halithibitishi kitu, kwa kuwa wazee waliendelea kusema "Union Minière" miaka mingi baada ya kampuni hiyo ya migodi ya shaba kutaifishwa. Halafu kuna mtego wa 1972: majina ya Kikristo yalipokatazwa, Mwenda Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Mtu mmoja, mistari miwili katika orodha ya asiyejua. Tafuta kila mwanamuziki wa wakati ule kwa majina yote mawili.

Sasa sauti. Faili ya telefone iliyopitia WhatsApp imeshabanwa, na kilichokatwa hakirudi. Rudi kwenye kaseti au sahani ya santuri.

Kaseti yenye ukungu mweupe usiichezeshe, itachafua kichwa cha mashine na kaseti zitakazofuata. Iliyo safi, ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, utepe ujizungushe upya sawasawa. Safisha kichwa kwa pamba na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, subiri ikauke. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo ya kukinyoosha: izungushe polepole sana huku ukisikiliza, mpaka sauti nyembamba ziwe wazi kabisa. Kila kaseti ina mahali pake, kwa sababu kila mashine iliyorekodi ilikuwa imepinda kivyake. Wengi huruka hatua hii, kisha wanailaumu kaseti kwamba imezeeka.

Rekodi kwa kilohezi 96 na biti 24, kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Kompyuta itumie betri yake, chaja ichomolewe: umeme ukikatika hupotezi faili, na mvumo wa chaja hauingii. Mvumo uliomo ndani ya utepe wenyewe, huo una faida. Umeme wetu ni hezi 50, na mvumo wake unapaswa kuwa hapo hapo. Ukiupima mvumo wa zamani ukaukuta kwenye 51, kaseti inakwenda kasi kwa asilimia 2, karibu theluthi ya nusu-tuni. Punguza mwendo kwa uwiano huo. Kama wimbo ulirekodiwa kwa betri hakuna mvumo wa kukusaidia, basi mtafute mzee anayeujua wimbo ule kwenye gita, ulinganishe sauti.

Sahani za mizunguko 78 zinataka sindano ya mikroni 75 hivi. Ile ya LP (sahani ndefu ya mizunguko 33), ya mikroni 25, inazama chini ya mfereji na kuleta mikwaruzo tu. Unganisha mikondo miwili iwe mmoja, usiipe stereo ya uongo. Na mkono uwe mwepesi kwenye kusafisha. Gita ya Katanga inapigwa kwa kidole gumba na cha shahada, na ule mguso wa kucha uko kwenye masafa yale yale ya mchuzo wa kaseti, ule mlio wa "shhh". Ukifuta mchuzo wote, umefuta vidole. Faili ya kwanza, isiyoguswa, iweke kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.

Karindula inataka mawazo ya peke yake. Lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi linapigwa kwa muda mrefu, na ukitoa sahani, upande mmoja wa LP unabeba dakika 22 hivi kabla sauti haijaanza kudhoofika. Ama ulipe upande mzima, ama ukate mwisho wa beti, kwa ruhusa ya kundi. Kuizimisha polepole katikati ya mchezo ni kuivunja.

Kwa ruhusa, kumbuka ni mbili kwa kila wimbo: ya utunzi na ya masta. Sheria yetu ya Kongo ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986, namba 86-033, na haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo. Mwenda alifariki 1990, hesabu mwenyewe. Pita SOCODA, shirika la haki za watunzi, lakini nenda pia nyumbani. Usimlipe ndugu wa kwanza kutokea mlangoni. Omba karatasi ya baraza la familia iliyosainiwa na mjane na watoto wakubwa. Kwa rekodi za Tracey, andikia ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Mkataba uwe ukurasa mmoja wa Kifaransa, usomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya wote. Utaje wimbo, miaka (mitano inatosha), CD, LP au intaneti au vyote, sehemu ya malipo, na kwamba familia inabaki huru kumpa mtu mwingine. Mfano: nyimbo 14, baada ya gharama zimebaki dola 1,400, nusu ni ya nyimbo. Hiyo ni dola 50 kwa kila wimbo, zigawanywe kati ya mtunzi na wapigaji kama mlivyoandika, zitumwe kwa M-Pesa au Airtel Money ili alama ibaki. Kaseti ya mtu ukiichukua, mwachie risiti yenye tarehe ya kuirudisha.

Faili ya mwisho ya intaneti ikae karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kilele desibeli -1. Kila rekodi ipate namba yake ya utambulisho, ISRC, ya herufi na tarakimu 12. Mahali pa mtunzi usiandike "wimbo wa asili" eti kwa sababu hukumpata; wimbo huo uuache nje mpaka umpate.

Wiki mbili kabla ya kutoa, peleka nakala kwa kila familia, kwenye ufunguo wa USB, pamoja na maandishi ya jalada. Waache wasikilize wakiwa wamekaa wote, wakusahihishie herufi za majina. Mara nyingi hapo ndipo mama mmoja anauliza: na yule aliyekuwa anapiga chupa? Mwandike naye.