Upanga unaolala kwenye buti: kutu inatoka wapi kama gari halivuji?

Wakuu, nimeufuatilia huu uzi tangu jana, leo ngoja niandike kwa kirefu.

Mleta mada anasema upanga wake wa mazoezi ni wa chuma cha kaboni, si chuma cha pua kile kisichoshika kutu kirahisi, na unashinda kwenye buti wiki nzima kwa sababu akitoka kazini anakwenda mazoezini moja kwa moja. Gari linalala nje. Buti halivuji, upanga umo ndani ya ala ya ngozi, mafuta kapaka, na bado kila baada ya wiki mbili tatu anakuta madoa ya kahawia karibu na ncha. Mdau mmoja hapo juu kamshauri aupake grisi nyingi, auzungushie nailoni, apige selotepu, asahau.

Mkuu, usisahau na usizungushie. Nina upanga kwenye gari mwaka wa sita sasa, na hiyo ya nailoni nilishaifanya mwaka wa kwanza. Niliufunga siku ya mvua, nailoni mizunguko mitatu, selotepu mwanzo mwisho, nikajiona fundi. Baada ya mwezi nafungua, nailoni kwa ndani ina vitone vya maji kama mfuniko wa sufuria. Kila mahali nailoni ilipokunjika na kugusa chuma kulikuwa na mstari wa kutu uliofuata ule mkunjo. Na katikati ya ubapa palikuwa na alama ya dole gumba, michirizi yote ya ngozi inasomeka, imechorwa kwa kutu. Rafiki yangu alikuwa ameushika kuutazama dakika tano kabla sijaufunga. Jasho lina chumvi, na chumvi inavuta maji hata pale ambapo chuma kisafi kingebaki kikavu.

Yale maji hayakuingia kutoka nje. Niliyafungia mimi pamoja na hewa ya siku ile, na grisi niliyopaka juu ya alama za vidole ikayahifadhi vizuri kabisa.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunailaumu mvua. Chukua hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 70. Ikigusa kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi, inaacha maji juu yake, kama chupa ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Sasa usiku bati la gari linapoa na upanga unapoa nao. Asubuhi jua likipiga, hewa ya ndani inapanda joto haraka, zulia na viti vinaanza kutoa unyevu vilioufyonza usiku, lakini chuma bado kina baridi ya usiku. Umande unatua juu yake. Kufika saa nne au saa tano umeshakauka, na wewe ukifungua buti jioni huoni kitu. Kesho yake tena, na keshokutwa.

Niliwahi kuweka kipima unyevu kidogo kwenye buti kwa wiki kadhaa. Alfajiri moja kilisoma asilimia 88, saa saba mchana siku hiyo hiyo kikasoma 34. Ukiangalia mchana utasema buti langu kavu kama jangwa. Kumbe hewa ya moto ina uwezo wa kubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo asilimia inashuka ingawa maji yapo palepale. Namba ya kuiamini ni ya alfajiri. Unyevu ukipita asilimia 60 hivi, kutu inaanza kwenda mbio.

Kwa hiyo kwa mleta mada, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni ala. Ngozi inakunywa unyevu na haiutoi upesi, halafu inabaki na asidi na chumvi za dawa zilizotumika kuitengeneza. Ncha inakaa kwenye kitako cha ala, mahali pasipopata hewa, panapokauka mwisho. Ala ya ngozi ni ya kubebea upanga, kulaza humo ni kosa. Mimi nautoa ndani ya ala kila mazoezi yakiisha, na ala inasafiri peke yake kwenye kiti cha nyuma.

Ala ya mbao ina nafuu lakini nayo ina vituko vyake. Msimu wa mvua mbao inavimba na upanga unang'ang'ania, unauvuta kwa mikono miwili kama mtu anang'oa muhogo. Kiangazi mbao inasinyaa na upanga unacheza ndani. Mara moja nilikata kona nikasikia "kling" nyuma, kusimama naangalia, upanga umetoka nusu. Na mbao si zote sawa: mwaloni, kwa mfano, unatoa mvuke wenye asidi ya jamii ya siki, ukiufungia na chuma sehemu moja kwa miezi utaona mwenyewe.

Ninachotumia sasa ni kasha refu la plastiki ngumu lenye mpira wa kuzibia kwenye mfuniko. Ndani sikuweka sponji ya kawaida, maana ya kwanza niliyoweka baada ya miaka miwili ya joto na unyevu iligeuka unga unaonata, nikawa naukwangua kwenye mpini kwa kucha. Nimeweka lile povu jeupe linalofungiwa vifaa vya umeme kwenye maboksi. Pamoja na upanga naweka silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, ila si vile vipakiti viwili vya kwenye boksi la viatu. Hivyo vinajaa siku ya kwanza. Mimi ninayo karibu nusu kilo kwenye mfuko wa kitambaa, ya aina inayokuwa rangi ya chungwa ikiwa kavu na kugeuka kijani ikishashiba. Ikigeuka, naitandaza kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa na inarudi chungwa. Mtu ataniuliza, kasha lililozibwa lina tofauti gani na nailoni? Tofauti ni hizo punje. Bila kitu cha kunywa unyevu uliomo, kasha langu la bei lingekuwa nailoni tu yenye mikanda.

Halafu kasha zima nalifunika blanketi nene. Blanketi halikaushi chochote, kazi yake ni kufanya joto lipande na kushuka polepole, ili chuma na hewa viende pamoja. Lisiguse upanga wenyewe, likilowa linakuwa mbaya kuliko ngozi.

Kuhusu jua, kuna aliyesema joto la gari litaondoa ugumu wa chuma. Hapana. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na dashibodi kupita 70, lakini chuma cha upanga, baada ya kuchomwa hadi kiive na kuzimwa ghafla kwenye maji au mafuta ili kiwe kigumu, kinapashwa tena kwa makusudi nyuzi 150 hadi 400, kutegemea fundi na aina ya chuma. Joto la buti hakilisikii. Hata kurefuka ni kidogo: ubapa wa sentimita 75 ukipanda nyuzi 40 unaongezeka kama theluthi moja ya milimita. Kinachoumia ni mpini. Mbao yake inakauka na kusinyaa, na kama kilichoshika ni gundi ya epoksi, nyingi zinaanza kulainika kwenye hizo nyuzi 60 na kuendelea. Kila kabla ya mazoezi shika mpini, piga ubapa kwa kiganja, sikiliza. Ukisikia mtetemo wa kitu kinachocheza, siku hiyo usiuzungushe karibu na watu.

Mafuta nayo yanalegea kwa joto. Ya cherehani ni mazuri lakini mepesi, yanateremka upande wa chini na kuuacha wa juu mtupu. Kiangazi natumia nta safi isiyo na vikwaruzo, msimu wa mvua narudi kwenye mafuta na kurudia kila wiki mbili. Kabla ya kupaka, futa kwa spiriti kuondoa jasho na mafuta ya zamani, paka, halafu pangusa mpaka ubaki mng'ao tu. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Oili chafu ya injini, tafadhali sana, iacheni kwenye nguzo za uzio: ina asidi na masizi.

Jambo la kwenye baridi: kama umetoa kasha kwenye gari lililopoa usiku, au lililokuwa kwenye kiyoyozi safari nzima, usilifungue ukifika ndani kwenye joto. Ukitaka kujua kwa nini, kumbuka miwani inavyoshika ukungu ukishuka kwenye gari la kiyoyozi. Liache lilivyo kwa muda wa saa tatu au nne.

Pa kuliweka ni katikati ya buti, juu ya kibao, si kule chini kwenye tairi la akiba ambako maji hujikusanya bila wewe kujua. Lifunge kwa mkanda, maana breki ya ghafla hairuhusu mjadala. Na sheria za kubeba upanga kwenye gari zinatofautiana sana nchi na nchi, kuna mahali lazima uwe umefungwa, mbali na mkono wa dereva, na uwe na sababu ya kueleweka. Soma za kwako kabla hujasimamishwa. Kama upanga ni wa kale au wa urithi, gari si mahali pake hata siku moja.

Hayo madoa ya sasa, kama bado yana rangi ya chungwa na yanatoka kwenye kitambaa, weka mafuta, acha usiku mmoja, kisha sugua taratibu kwa pamba ya chuma iliyo laini kuliko zote, kufuata urefu wa ubapa. Msasa weka mbali. Yakiwa meusi na ukipitisha ukucha unazama, hapo kutu imeshachimba, tupia picha ya karibu hapa tuone imefika wapi kabla hujagusa kitu.