"Fundi, nitajie programu nyingine ya kutazama mpira bure"

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mimi nipo Nansio, Ukerewe, nafanya biashara ya dagaa na kila wiki nashusha mzigo mwaloni Kirumba. Rafiki yangu alinirushia kwa WhatsApp faili la programu ya kutazama mpira, akasema imeshafunguliwa, haidai malipo. Kijana mmoja hapo Mwanza mjini akaniwekea kwa shilingi 3,000. Iliomba ruhusa nyingi, akazikubali zote. Ilionyesha mechi mbili za Uingereza kwa kukatikakatika, kisha ikagoma. Sasa simu inachemka hata nikiwa sijaishika, bando linaisha kabla ya siku zake na matangazo yanajitokeza juu ya kila kitu. Naomba unitajie nyingine nzuri, inayoonyesha ligi yetu na ya Uingereza bila kulipia.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nyingine sitakutajia. Kwanza zima data sasa hivi, maana ukisema nafanya biashara ya dagaa mimi nasikia kwamba laini iliyomo kwenye simu hiyo ndiyo unayopokelea hela za wateja.

Ukishazima data, ingia kwenye mipangilio, utafute huduma za ufikivu (Accessibility), zile zilizowekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri. Ukikuta jina la programu hiyo limewashwa humo, lizime. Anza na hilo kabla ya kuifuta, kwa sababu programu yenye ruhusa hiyo inaweza kukubonyezea "ghairi" kila ukijaribu kuiondoa. Angalia pia orodha ya wasimamizi wa kifaa uitoe na humo, halafu ndipo uifute. Ikikataa, washa simu katika hali salama, ambamo programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi, uifutie huko. Kisha chomoa laini, uiweke kwenye simu nyingine unayoiamini, ubadilishe namba ya siri ya pesa. Usiibadilishie kwenye simu hii. Hata baada ya hapo ningekushauri uirejeshe simu kwenye hali ya kiwandani, ukishahifadhi picha na namba za wateja, na lile faili la WhatsApp usilirudishe.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii: "imefunguliwa". Kwenye meza yangu hapa Mwanza haipiti wiki bila mtu kuniletea simu na neno hilo mdomoni, na wengi wanaamini kwamba mafundi tunalo toleo la siri tunalobaniana.

Mchezo wa magari uliomo wote ndani ya simu, kufuli lake nalo limo ndani ya simu, kwa hiyo mjuzi anaweza kulivunja. Mechi inayochezwa sasa hivi haimo ndani ya simu yako. Picha inatoka uwanjani, inakwenda kwa mwenye haki ya kuionyesha, inakaa kwenye seva zake, yaani kompyuta zake za mbali, ikiwa imefungwa, na ufunguo hutolewa na seva hiyo baada ya kuangalia kama akaunti yako imelipiwa. Programu iliyo mkononi mwako ni dirisha tu. Uipasue vipande mia, ufunguo hutaukuta humo. Kijana anayekuambia ameifungua programu ya mechi za mbashara ama haelewi anachouza, ama anaelewa vizuri sana.

Utaniuliza, mbona zile mechi mbili nilizitazama? Kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliyelipia, anainasa picha yake na kuirusha upya kwa maelfu ya watu. Ndiyo maana inachelewa, jirani kwenye kibanda umiza anashangilia bao na kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Kurusha picha kwa maelfu ya watu kunagharimu seva, na gharama hiyo lazima irudi kwake kwa njia fulani. Inaweza kurudi kwa matangazo. Mtandao wa Streameast, uliokuwa ukirusha mechi bila kibali na uliofungwa Misri mwaka 2025, wakakamatwa watu wawili, ulikuwa na anwani 80 za tovuti na ulitembelewa zaidi ya mara bilioni 1.6 ndani ya mwaka mmoja. Hao hawakuwa wasamaria wema. Inaweza pia kurudi kwa bando lako, maana baadhi ya programu hizi huigeuza simu ya mtazamaji kuwa kituo cha kuwapelekea wengine picha. Simu inachemka, data inatoka, nawe huoni chochote kwenye kioo.

Na inaweza kurudi kwa hela yako yenyewe. Mwaka 2025 kampuni ya usalama ya Cleafy, ya Italia, ilieleza habari za kirusi walichokiita Klopatra. Kilijificha ndani ya programu iliyojiita Mobdro Pro IP TV + VPN, yaani programu ya kutazama televisheni bure, na kiliingia kwenye simu zaidi ya 3,000, nyingi za Hispania na Italia. Kiliomba ruhusa hiyo hiyo ya ufikivu niliyokutuma uizime. Ukishaitoa, mtu wa mbali anasoma kilichopo kwenye kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako. Walikuwa wakifanya kazi usiku, simu ikiwa kwenye chaji, kioo kimezima, mwenyewe amelala. Sisemi kilichomo kwenye simu yako ni hicho. Nasema mlango uliofunguliwa na yule kijana kwa shilingi 3,000 ni huo huo. Hakuna mechi inayohitaji kusoma meseji zako. Hakuna mpira unaohitaji ruhusa ya mtu asiyeona vizuri. Fundi anayekubali ruhusa zote bila kumuuliza mwenye simu, huyo mimi simuiti fundi.

Nikae kidogo kwenye hilo neno "bure". Picha ya kawaida tu, inayokwenda kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, inakula karibu MB 675 kwa saa. Mechi nzima pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili, kwa hiyo umeshatumia zaidi ya GB 1.3. Jumlisha mechi tatu za wikiendi, kisha ulinganishe na kifurushi halali cha televisheni cha mwezi.

Ligi yetu Azam Media waliingia mkataba nayo mwaka 2021, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mechi ya Pamba Jiji pale CCM Kirumba kuonekana kwenye simu yako kule Ukerewe ni kazi iliyolipiwa hela hizo. Kuna vya bure vya kweli, navyo vinatoka kwa mwenye haki. Kombe la Dunia la Klabu la 2025 DAZN, huduma ya kuonyesha michezo mtandaoni, walilionyesha lote, mechi 63, kwa kujisajili tu. FIFA wana huduma yao ya FIFA+ yenye mechi za ligi mbalimbali. TBC Taifa wanatangaza mpira redioni, na kama simu yako ina FM, chomeka spika za masikioni, waya wake ndio antena, usikilize bila kutumia hata MB moja. Kwa mechi ya Uingereza, nenda kibanda umiza ukalipe kiingilio chako ukae na wenzako.

Kabla sijamaliza, kuna kitu kingine kinachoingia mjini kwa kasi na watu wanakipeleka hadi visiwani: vile visanduku vidogo vya Android vya kuchomeka kwenye televisheni, vinavyouzwa kwa maneno "chaneli zote, hulipii maisha". Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya vifaa vya aina hiyo, mamilioni yake duniani yakiwa na kirusi kinachoitwa BADBOX 2.0. Vingine hutoka nacho kiwandani, vingine hukipata unapoweka programu za mwanzo. Kazi yake mojawapo ni kuuza njia yako ya intaneti kwa watu wengine, wakifanya uhalifu anwani inayoonekana ni ya nyumbani kwako. Kile kilichotoka nacho kiwandani, kukirejesha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu huko ndiko ugonjwa uliko. Mama mmoja mwenye mgahawa aliniletea chake nikisafishe, alikinunua ili wateja watazame mpira. Nilimrudishia vile vile, nikamwambia asikichomeke tena, na akifika nyumbani abadilishe nywila ya WiFi.