Boti ya alumini inayovuja kwenye ribiti

Kaka, umesema boti yako inavuja kwenye ribiti (pini zinazoshikanisha mabati) na fundi wa hapo Kirumba, Mwanza, anataka kuichomelea. Usimkubalie haraka hivyo. Bati la zamani likipata moto hupinda na ribiti za jirani hulegea. Utaziba tundu moja ufungue matatu. Boti ikiwa juu ya trela, imetegemezwa vizuri chini, mimina maji ndani kama sentimita 10 (yakizidi, uzito utaikunja), kisha weka alama kwa nje kila panapotoa tone. Mwaga, ikauke.

Ribiti iliyolegea, mmoja akandamize chuma kizito kwenye kichwa kwa nje, mwingine agonge mkia (ncha ya pili) kwa ndani. Iliyolika itoboe, uweke ya alumini isiyo na tundu, na gundi ya poliyurethani chini ya kichwa. Zile za kuvutwa kwa koleo, zenye tundu katikati, zitavuja tu. Na boliti za shaba usithubutu, zinakula alumini hata ziwani kusiko na chumvi.

Trela nayo, unapoiingiza majini kushusha boti: beringi ya gurudumu iliyopata moto ikizama ghafla, hewa ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia sili (mpira wa kuzuia maji) iliyochoka. Badilisha sili, jaza grisi isiyooshwa na maji, na uache magurudumu yapoe kwanza.