Maswali ya mwendo: lori darajani, wastani wa kasi na mabasi mawili

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu vitu vinavyokwenda kwa kasi isiyobadilika. Nimechagua manne.

Mwalimu, kwa nini tunagawanya kwa 3.6 tukitoka km/h kwenda m/s? (S.1, yaani kidato cha kwanza, Busia)

Saa moja ina sekunde 3,600, na kilomita moja ina mita 1,000. Gawanya, utapata 3.6. Basi 72 km/h ni 20 m/s. Fanya hivyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Lori la mita 15 linavuka daraja la mita 525 kwa 36 km/h. Nimepata sekunde 52.5, kitabu kinasema 54. (S.2, Jinja)

Kitabu kiko sawa. Urefu huo ndio wa daraja jipya la Nile hapo kwenu, lililofunguliwa 2018, kwa hiyo nenda ukaangalie. Bampa la mbele likifika mwisho wa daraja, matairi ya nyuma bado yako juu ya daraja. Lori limevuka pale mkia unapotoka, yaani limekwenda 525 + 15 = mita 540. Kwa 10 m/s, ni sekunde 54. Ukiwa mbali na daraja, sukuma kifutio juu ya rula taratibu, utaona kitu kilekile.

Baba alitoka Kampala kwenda Jinja kwa 40 km/h, akarudi kwa 80. Wastani si 60? (S.3, Kampala)

Hapana, mwanangu. Hapa hata wanafunzi hodari hunaswa, kwa hiyo twende polepole. Njia hiyo ni kama kilomita 80. Kwenda alitumia saa 2, kurudi saa 1. Jumla ni kilomita 160 kwa saa 3, yaani 53.3 km/h.

Ulipojumlisha 40 na 80 ukagawanya kwa mbili, ulizihesabu kasi hizo kana kwamba zimedumu muda sawa. Lakini baba alikaa ndani ya ile ya 40 mara mbili zaidi. Angeendesha saa moja kwa 40 na saa moja kwa 80, jibu lako la 60 lingekuwa sahihi kabisa. Sasa jaribu tena kwa safari inayoishia Lugazi, au mji wowote upendao: mradi anarudi njia ileile, utapata 53.3. Ifanye kwa mkono wako, usiniamini mimi tu.

Basi linatoka Kampala saa 2:00 asubuhi kwa 60 km/h. Lingine linatoka Jinja saa 2:20 kwa 40 km/h. Yatakutana saa ngapi? (S.4, Malaba)

Ile pembetatu ya umbali, kasi na muda, ya kufunika herufi kwa kidole, iweke kando. Siipendi, maana inakupa fomula bila picha. Chora mstari wa kilomita 80. Kufikia 2:20, basi la Kampala limeshakula kilomita 20, zimebaki 60. Kuanzia hapo yote mawili yanatembea, na pengo linapungua kwa 60 + 40, yaani kilomita 100 kila saa. Kilomita 60 zitaisha kwa dakika 36, hivyo yatakutana saa 2:56.

Hakiki: la Kampala limekwenda dakika 56, kilomita 56. La Jinja limekwenda dakika 36, kilomita 24. Jumla 80. Mtahini hutoa alama kwa hatua, kwa hiyo mstari huo uache kwenye karatasi, usiufute.