Kipimo cha tatu kabla ya kutoa uvimbe wa tumbo kina faida gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana uvimbe wa sentimita 2.5 sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Tumeambiwa unaweza kutolewa kwa endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni) bila kupasuliwa, ila kwanza ameze mpira wenye ultrasaundi. Ameshapigwa ultrasaundi ya tumbo na kufanyiwa endoskopi ya kawaida. Je, kipimo hiki kitatuambia kama atapata madhara? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Ultrasaundi inayopigwa juu ya ngozi huzuiwa na hewa iliyomo tumboni, na kamera ya kawaida huona utando wa juu tu, hivyo uvimbe ulioota chini ya utando huo huonekana kuwa kinundu laini, pasipo kujulikana umejishikiza wapi. Ultrasaundi ya ndani hutoa mawimbi yake kwenye ncha ya mpira wenyewe na kuuonyesha ukuta wa tumbo katika matabaka 5, meupe na meusi yakipishana. Ukihesabu kutoka ndani, tabaka la 4, ambalo ni jeusi, ndilo la msuli.

Tabaka hilo ndilo la kuangaliwa zaidi. Uvimbe uliomo katika tabaka la 3, kama ule wa mafuta, mara nyingi huchunwa msuli ukabaki mzima, lakini uliotokana na msuli, kama ilivyo kwa uvimbe mwingi wa aina ya GIST (uvimbe wa ukuta wa tumbo au utumbo unaoweza kuwa saratani), huenda usitoke wote bila msuli kukatwa, na ukiwa umeelekea nje ya tumbo, tundu huwa karibu haliepukiki. Kwa mama yako kuna jambo la ziada: ukuta wa sehemu ya juu ni mwembamba, na mpira hulazimika kukunjwa ili kuufikia.

Kutoboka kulikotarajiwa si balaa. Daktari huandaa klipu za kuziba tundu, hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo mwili huifyonza upesi, na humweka karibu daktari wa upasuaji. Pengine huamua tangu mwanzo kwamba upasuaji wa matundu madogo ni salama zaidi. Kwa maoni yangu, ripoti inayotaja ukubwa peke yake haijatosha. Ulizeni uvimbe umo tabaka gani, umeelekea ndani au nje, na kama kuna mishipa mikubwa ya damu karibu yake.

Hata hivyo, picha haitabiri kila kitu. Mawimbi yanayoonyesha matabaka kwa ufasaha hayafiki mbali, kwa hiyo kitako cha uvimbe mkubwa kinaweza kufichika, na ndiyo sababu CT scan huongezwa. Hatari ya kuvuja damu hutegemea pia dawa anazotumia: kama anameza aspirini au warfarini, ambazo hupunguza kuganda kwa damu, mwambieni daktari mapema, wala msizisimamishe wenyewe. Baada ya kurudi nyumbani, akipata choo cheusi kama lami, kizunguzungu, au maumivu makali ya tumbo yenye homa, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.