Mono, lala saa nne

Mwaka wa 2025 mabweni ya sekondari za Kenya hayakupokea mono (mwanafunzi mgeni wa mwaka wa kwanza) hata mmoja, maana Gredi ya 9 ilibaki huko shule za msingi. 2026 wakaingia Gredi ya 10 na mtaala wao mpya, lakini ukipita darasani wakati wa prepu ya jioni, kipindi cha kujisomea, utadhani ni wale wale wa zamani: mmoja anapaka ratiba rangi kwa kalamu nne, mwingine anaazima rula, wa tatu ndio kwanza anakumbuka kitabu kiko bwenini. Muda unayoyoma, na hakuna aliyeandika neno.

1. Ratiba unayo tayari. Kengele ndiyo inayopanga siku yako. Chako ni prepu na saa chache za wikendi. Panga hizo tu, kwa penseli.

2. Usikeshe. Hapa tukae kidogo, kwa sababu kila mono hudhani yeye ataweza. Taa zikizimwa saa nne na kengele ikilia saa kumi na nusu, umepata saa sita na nusu, na mwili wa umri wako unataka nane hadi kumi. Tayari una deni. Sasa unajifunika blanketi na tochi mpaka saa saba ukisoma Kemia. Prepu ya alfajiri unahudhuria, mwili tu; ukurasa ni ule ule mpaka wakati wa uji. Hesabu ya saa mbili unajikaza. Saa nane mchana, ugali na maharagwe vimeshuka, mabati ya Kisumu yanachoma, mwalimu wa Jiografia anachora bonde la ufa ubaoni, na kidevu chako kiko kifuani. Mchoro umekupita, kwa hivyo jioni unaazima daftari na prepu nzima inaishia kwenye kunakili. Kazi ya Hesabu haijaguswa. Utafanyaje? Tochi tena. Wiki mbili baadaye hujasoma zaidi ya anayelala. Umehamisha tu kipindi cha mchana kikawa cha usiku, bila mwalimu. Tena usingizi wenyewe ndio unaosaidia ulichosoma kikae kichwani, kwa hivyo hata ile Kemia ya blanketini imevuja nusu.

3. Prepu ya jioni yenye urefu wa saa mbili inatosha ukiigawa. Dakika 40 za kwanza ni za Hesabu au Fizikia, akili ingali macho. Dakika 40 zinazofuata ni za masomo ya leo: funga daftari, andika kwenye karatasi tupu unachokumbuka, kisha fungua usahihishe kwa wino mwingine. Kusoma kwa macho tu kunafurahisha, lakini siku ya mtihani utajua. Zilizobaki ni za insha na kupanga begi la kesho. Vitabu na kikokotoo vitoke bwenini kabla ya chakula cha jioni. Mwalimu wa zamu hatakuruhusu kurudi, na ana haki.

4. Fua Jumamosi asubuhi. Kakamega mvua hupenda alasiri, na radi zake. Shati la kufuliwa Jumapili mchana utalivaa Jumatatu likidondosha maji. Andika nambari yako ndani ya kola, na ukae karibu na kamba, soksi za bweni zina miguu. Walio Nakuru, mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari: sweta ya pili si anasa. Maji ya kuoga chota jioni, kwenye ndoo yenye kifuniko, uiweke chini ya kitanda chako.

5. Wa kutwa, wewe wa mitaa ya Kisumu kama Kondele au Manyatta, taabu yako iko nyumbani: kuna mtungi wa kujaza na mdogo wako wa kuogesha. Usisubiri baada ya ugali, utalala kwenye kochi na viatu. Michezo ikiisha, baki darasani dakika 30, umalize swali gumu kuliko yote, ndipo ukatafute matatu. Kama kwenu tokeni za umeme huisha ovyo, zoezi la kuandika lifanye kabla ya giza na ya kukariri uyaache ya usiku. Hayo hata gizani utajisomea.