Mume Mwingereza, mke wa Wete, watoto wawili: nani anahitaji viza, na pesa ipi inahesabika?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Wete, naishi Paje na mume wangu, Mwingereza aliyezaliwa Leeds kwa wazazi Waingereza. Tuna mtoto wa miaka 3. Nina na mwengine wa miaka 9, wa ndoa yangu ya mwanzo; baba yake yuko Chake Chake. Tunataka kuhamia Uingereza. Mume kaahidiwa kazi kule ya pauni 34,000 kwa mwaka, ila hapa mshahara wake ni mdogo. Mimi nafanya kazi hotelini. Tuombe viza sote sasa?

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Mkubwa. Msiombe sasa. Kwa hali mliyonayo mtakataliwa kwa sababu ya kipato, na ada ya ombi lililokataliwa hairudi.

Tangu Aprili 11, 2024, Mwingereza anayemleta mwenza wake kwa mara ya kwanza anatakiwa aoneshe pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Idadi ya watoto haiongezi kiwango hicho. Mshahara wako wa hoteli hauingii kwenye hesabu hata shilingi moja, kwani kazi ya mwombaji aliye nje haihesabiki. Na ile barua ya ajira ya mumeo ni nusu ya ushahidi tu: mume anayerudi kutoka nje lazima pia awe amepata kiwango hicho hicho huku aliko. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, wakidhani ahadi ya kazi inatosha.

Njia iliyo nyepesi kwenu ni yeye atangulie, afanye kazi miezi 6 kamili kwa mwajiri mmoja, ndipo muombe. Atahitaji slipu za mshahara za miezi hiyo, barua ya mwajiri, na taarifa za benki zinazoonesha kila mshahara ukiingia, shilingi kwa shilingi na slipu. Mshahara wa mkononi utawaponza. Akianza kazi katikati ya mwezi, msiuhesabu mwezi huo, maana kinachotazamwa ni kiwango cha chini kabisa alicholipwa ndani ya miezi 6. Karatasi za mwisho zisizidi siku 28 siku mnayotuma ombi.

Mwenye akiba anaweza kupita bila mshahara: pauni 88,500 zilizokaa miezi 6 kwenye akaunti yake, yako, au yenu nyote. Akiba ndogo huweza kuziba pengo la mshahara. Mshahara ukiwa 25,000, pengo ni 4,000. Zidisha kwa 2.5, jumlisha 16,000, mnahitaji 26,000.

Mdogo msimuombee viza. Huyo ni raia wa Uingereza kwa baba yake, anachohitaji ni pasipoti ya Kiingereza. Sheria ya Tanzania inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili hadi miaka 18, basi asafiri na pasipoti zote mbili.

Mzito ni huyu wa miaka 9. Kwa maoni yangu ni mgumu kuliko wewe mwenyewe. Baba yake yuhai na haendi nanyi, kwa hiyo mtatakiwa muoneshe kuwa wewe peke yako ndiye mwenye dhamana ya malezi yake. Watu hukimbilia barua ya ridhaa ya baba. Barua ni nzuri, lakini peke yake huweza kugeuka: inaonesha kuwa bado ana kauli juu ya mtoto. Kusanya barua ya skuli inayosema nani anasaini na nani analipa, kadi za hospitali, na amri ya mahakama ya ulezi ikiwa ipo. Ombeni wewe na yeye pamoja. Ukimwacha Wete kwa bibi yake mwaka mzima ukamuombee baadaye, utaulizwa nani hasa alikuwa akimlea.

Talaka yako ya mwanzo ina cheti? Talaka ya mdomo ambayo haikusajiliwa itakufanya uonekane bado mke wa mtu. Tafuta cheti cha talaka, na tarehe yake itangulie ya ndoa hii. Majina matatu yetu nayo huleta fujo: likiwa Khamis kwenye pasipoti na Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, sahihisha kabla, au weka kiapo. Kila karatasi ya Kiswahili iwe na tafsiri yenye tarehe, jina, sahihi na mawasiliano ya mtafsiri, pamoja na kauli yake kuwa ni sahihi.

Utafanya mtihani wa Kiingereza wa kusema na kusikiliza, daraja la A1 (la mwanzo kabisa), kwenye kituo kilichoidhinishwa kwa ajili ya viza; IELTS ya kawaida haikubaliki. Pia kuna ada ya afya inayolipwa mara moja siku ya ombi: pauni 3,105 kwako na 2,328 kwa mtoto. Hiyo hurudishwa mkikataliwa.

Kipimo cha kifua kikuu hufanyika Dar es Salaam. Cheti chake hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo usipande boti mumeo akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Mwezi wake wa tano kazini unatosha. Huyu wa miaka 9 mwende naye. Walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi eksirei, lakini daktari lazima amuone.